Sura ya Sita: Redio Iliyopumua

"Hivi fundi, redio inaweza kupumua?"

Paskazia, mke wa balozi wa nyumba kumi pale Kiseke, aliuliza swali hilo jioni moja ya Kwaresima, mwaka ule bei ya kahawa ilipopanda mpaka watu wazima na akili zao wakaacha mashamba wakakimbilia mashua. Aliyeulizwa alikuwa jirani yake Anatory, fundi redio, mtu wa Bukoba mwenye maneno machache. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwa mama huyo, redio ya mbao ameifungua mgongo, bisibisi mkononi. Alicheka. Usiku ule ule mashua ya doria iligongwa ziwani, na kulipokucha konstebo Mhoja akaokotwa kwenye mafunjo, viatu bado miguuni.

Tangu hapo hakuna aliyelicheka tena swali la Paskazia. Anatory mwenyewe sasa alikuwa mahabusu. Kosa aliloandikiwa ni kuwapa watu wa magendo ishara ya redio kwamba mashua ya doria imetoka.

Sajini Mihayo wa upelelezi, aliyeazimwa na kikosi cha doria kwa shauri hilo, alifika Kiseke asubuhi akiwa peke yake. Muda ulikuwa mfupi. Treni ya kesho yake mchana ndiyo ingembeba Anatory kwenda Dar es Salaam, na mtu akipelekwa huko kwa kosa la namna ile, pasipo mahakama, mke wake haambiwi aende lini kuulizia.

Mke huyo, Leonsia, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Paskazia akichambua maharage. Alimwamkia Sajini, kisha akauliza jambo moja tu.

"Afande, nimpelekee sweta? Au huko anakokwenda ni joto?"

"Weka sweta kwanza, mama," Mihayo alijibu. Akamgeukia Paskazia. "Ilipumuaje hiyo redio?"

"Kama mtu aliyefunika sufuria," Paskazia alisema. "Unajua redio inavyochemka ukiwa hujapata stesheni, chwaaa, kama mafuta yanayongoja samaki. Basi ikakata. Kimya. Ikachemka tena. Ikakata tena. Mara tatu, kisha ikaachia moja kwa moja. Nikasema hili ni shetani, au ni betri."

"Na fundi alisemaje?"

"Akasema, mama, betri nzima. Kuna mtu amebonyeza redio ya kusemea, lakini hasemi. Nikamwambia, sasa mtu akodi baiskeli aje kwako halafu anyamaze? Tukacheka."

"Wakati huo mikono yake ilikuwa wapi?"

"Ndani ya redio yangu! Yote miwili. Hata chai ilimpoa."

Mihayo aliiomba hiyo redio. Juu ya kioo, pale sindano inapotembea, palikuwa na alama ndogo ya mkaa. Alama kama hiyo ndiyo askari wa doria waliyoiona kwenye redio ya Anatory, wakaichora kwenye jalada lao kama kitu kizito.

"Hii ni ya nini?"

Wanawake wawili walitazamana, kama watu walioulizwa jiko ni la nini.

"Hapo si ndipo inaposikika saa ya hospitali?" Paskazia alisema. "Sista wa Sengerema anapoongea na vituo vya mwambao. Anataja nani ametoka wodini, nani afuatwe na mtumbwi, nani ndiyo hivyo tena, apelekewe sanda. Mimi dada yangu alilala kule miezi. Utamjuaje mgonjwa wako bila kusikiliza?"

"Na ile pumzi, uliisikia hapo hapo penye mkaa?"

"Hapana. Mbele kidogo, nikiwa natafuta."

Mihayo hakutosheka na neno la ua mmoja. Aliongozana na balozi mwenyewe, mzee aliyekuwa akikohoa nyuma yake, wakapiga hodi nyumba kwa nyumba. Penye redio palikuwa na alama. Kwingine ni mkaa, kwingine wanja, kwa mwalimu ni wino mwekundu uliopigwa kwa rula. Kama alama ilikuwa hatia, basi kijiji kizima cha Kiseke kilistahili treni.

Kabla hajaondoka, Leonsia alimfuata mpaka njiani. Sweta alikuwa nalo tayari mkononi.

"Alikuwa kwa Mama Paskazia, afande. Mungu alimwona. Na wewe umesikia."

"Nimesikia," Mihayo alisema. "Ila tatizo si mimi."

*

Mkuu wa kikosi cha doria, Bwana Mutayoba, alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye desturi ya kumimina chai kwa mkono wake mwenyewe kwa yeyote aliyeingia ofisini. Alimsikiliza Mihayo bila kumkatiza. Alipomaliza, akamsogezea kikombe.

"Mama mmoja wa kijijini, na redio yake yenye mkaa," alisema. "Tena jirani wa mtuhumiwa. Kijana wangu, ukilipeleka hilo kwa wakubwa watakupa likizo. Anatory ni mtu wa kwetu. Unadhani napenda? Lakini tazama ubao."

Ubaoni palikuwa na chaki:

4,550 × 1.6 = 7,280

Mihayo aliijua ile hesabu. Kila aliyeingia ofisini alionyeshwa. Jioni ya siku aliyokufa Mhoja, mafundi wa simu waliokuwa wakijaribu mtambo wao mpya walinasa mlio usio na maneno, mara tatu, kwenye namba 7,280. Mtambo wao ulisoma kwa kilohezi. Na katika kibanda cha Anatory ilikamatwa kristali, kidude cha bati chenye miguu miwili, kidogo kuliko kiberiti, ambacho kikichomekwa kwenye redio ya kusemea huilazimisha kusemea namba moja tu. Namba iliyogongwa juu yake ilikuwa 4,550. Lakini hiyo ilikuwa ya kilosaiko.

"Kilosaiko ni kipimo cha mkoloni," Mutayoba alisema, kama anayemfundisha mtoto kwa upendo. "Kilohezi ni cha kisasa. Kama maili na kilometa. Kama ratili na kilo. Unazidisha, unapata."

"Hesabu hiyo alitupa nani, mzee?"

"Mtaalamu. Ndugu Cleophace, meneja wa bohari ya mashua za mazao pale Nyegezi. Yeye redio yake ni ya zamani, anazijua hizi kilosaiko kama rozari yake."

Hakuna aliyebisha, na si ajabu. Miaka ile mawe ya maili yaling'olewa barabarani, mizani ikabadilishwa sokoni, kitambaa kikaacha kupimwa kwa yadi. Watu walikuwa wamejifunza kwamba jina jipya la kipimo huja na namba mpya. Mpishi, karani, dereva wa lori, wote walikuwa wakizidisha na kugawanya. Uongo ukivaa tarakimu, watu huuvulia kofia.

Mihayo alishuka mahabusu. Anatory alisimama alipomwona, akaegemea ukuta.

"Kristali uliipata wapi?"

"Josephat aliniletea. Yule anayesemesha redio kule bohari. Alisema meneja wake anataka nijaribu kama ni nzima. Nikamwambia sina mtambo wa kuichomeka. Akasema, kaa nayo tu. Nikakaa nayo."

"Lini?"

"Baada ya msiba wa Mhoja. Askari walikuja kesho yake."

"Na ile hesabu ya ubaoni?"

Anatory alitikisa kichwa. "Si kweli, afande. Redio ikisema, wimbi lake linatikisika. Ile namba inahesabu maelfu mangapi kwa sekunde moja, basi. Zamani walisema saiko. Sasa wameipa jina la marehemu mmoja wa Kijerumani, wanasema hezi. Jina limebadilika, mtikisiko ni ule ule. Elfu nne mia tano hamsini ni elfu nne mia tano hamsini."

Sauti ilitoka nyuma yao. Mutayoba alikuwa ameshuka ngazi bila viatu vyake kulia.

"Na ratili nayo walibadili jina tu? Nenda soko kuu, Anatory, kaombe kilo kwa bei ya ratili, uone utakavyotukanwa." Alicheka polepole, akamshika Mihayo bega. "Mtu aliye ndani utategemea aseme nini? Twende, kijana wangu. Chai inapoa."

Sasa Mihayo alikuwa na maneno mawili. Mtaalamu alisema zidisha, mahabusu alisema usizidishe. Mjini Mwanza hapakuwa na mtu wa tatu wa kuulizwa ambaye Mutayoba asingemwita jirani wa fundi.

Alisimama nje ya ofisi akitazama mawe makubwa yaliyokaa majini. Kisha akakumbuka alama ya mkaa. Hakukumbuka alama yenyewe, bali wanaoongea nyuma yake. Redio mbili zikiongea kila siku, lazima ziwe kwenye namba moja. Kama moja ni ya zamani na nyingine ni mpya, hapakuwa na haja ya mtaalamu. Ilitosha kuzisoma zote mbili.

Alikwenda kupanda kivuko.

*

Sista Eugenia wa hospitali ya Sengerema alikuwa mnene, mchangamfu, na chumba chake cha redio kilikuwa pia stoo ya mablanketi. Alimkaribisha Sajini akae juu ya mablanketi hayo.

"Tumsifu Yesu Kristo. Umemleta mgonjwa au umefuata mmoja?"

"Milele amina, Sista. Nimefuata redio."

"Hiyo haijaugua. Ni mpya, tumeipata Krismasi." Aliipangusa kwa kanzu kama mtu anayemfuta mtoto pua. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, na kidirisha chake kilionyesha tarakimu: 6,930. Chini yake maandishi madogo meupe yalisema kilohezi.

"Nyegezi unaongea nao kwa namba hii?"

"Nyegezi, Kome, Nansio, wote. Kila asubuhi."

"Kabla ya Krismasi, na redio ya zamani?"

"Hiyo hiyo. Padri alipoifunga hii mpya akaniuliza niweke namba gani. Nikamwambia weka ile ile."

"Hukuibadili kidogo? Maana ya zamani ilikuwa ya kilosaiko."

Sista alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi hezi sizijui, saiko sizijui. Ninajua nikibadili namba nitabaki naongea na samaki."

Mihayo hakucheka. Aliinakili ile namba kwenye daftari lake.

"Sista, kesho saa ya hospitali, Nyegezi wakikuita, nitakuwa huko kwao. Nitakuomba usome namba iliyo mbele yako. Uisome tu kama ilivyo."

"Kuna mtu ataumia kwa hiyo?"

"Kuna mtu anaumia sasa hivi."

Sista Eugenia aliinamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba. "Basi nitaisoma kwa sauti kubwa."

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umebadilika na abiria wa kivuko walikuwa kimya. Mtu mmoja wa makamo, koti la mvua limemfika magotini, alisimama karibu na Mihayo njia nzima bila kumwamkia. Waliposhuka ng'ambo ya Mwanza, alisema bila kugeuza uso:

"Sajini, Sengerema ulikwenda kuugua?"

"Kuangalia mgonjwa."

"Umwombee apone upesi. Ziwa mwezi huu lina watu wengi." Akapotea kati ya wauza dagaa.

Mihayo hakuwa amemwambia mtu yeyote safari yake. Alikuwa amejaza tu kibali cha kutoka, kama taratibu zinavyotaka, na kukiacha mezani kwa mkuu wa kikosi.

*

Kulipokucha aliomba kitu kimoja kwa Mutayoba: kabla ya kwenda stesheni, Landrover ipitie Nyegezi, ili mtuhumiwa aitambue bohari mbele ya mkuu wa kikosi, jalada lifungwe vizuri. Mutayoba alikubali bila taabu. Alipenda majalada yaliyofungwa vizuri. Anatory alikaa nyuma na pingu zake, sweta limekunjwa mapajani. Koplo Shimba, askari mkubwa wa umbo asiyependa maneno, alikaa naye.

Bohari ilikuwa ukingoni kabisa. Magunia ya pamba yalipangwa mpaka darini, na ndani ya kiofisi cha mabati ndipo ilipokuwa redio: kasha la chuma la kijani, zito, la enzi za mkoloni. Josephat, kijana mwembamba aliyeisemesha, alisimama kama aliyeshtuliwa. Meneja Cleophace alitoka nyuma ya meza, suti ya kola fupi, mtindo wa Chou En-lai, imepigwa pasi, mikono imetanguliwa na tabasamu.

"Karibuni, karibuni, ndugu zangu. Mzee Mutayoba, shikamoo."

"Marahaba. Sajini ana maswali machache ya kumalizia."

"Machache sana," Mihayo alisema. "Ndugu Meneja, redio hii ni ya kilosaiko?"

"Ya kilosaiko tupu. Soma mwenyewe hapo." Bamba la shaba lilisema hivyo kweli. Chini yake palikuwa na matundu matatu ya kuchomekea kristali, yamefunikwa na mlango mdogo wa chuma wenye kufuli.

"Na ukitaka kilohezi?"

"Zidisha kwa moja nukta sita. Nilishaeleza. Kama maili."

"Nieleze tena, mimi ni mzito. Hospitali mnaongea nayo kwa namba ngapi?"

"Elfu sita mia tisa na thelathini," Josephat alijibu kabla ya meneja wake. Cleophace alimtupia jicho.

"Basi kwa kilohezi itakuwa?"

Cleophace alikohoa. "Itakuwa... elfu kumi na moja na kitu."

"Elfu kumi na moja na themanini na nane," Mihayo alisema. "Nimeizidisha jana kwenye kivuko. Kwa hiyo mtu mwenye redio ya kilohezi, akitaka kuwasikia nyinyi, atafungua elfu kumi na moja na themanini na nane. Ni sawa?"

"Ndivyo... kwa kawaida ndivyo."

"Vizuri. Josephat, ita hospitali."

"Saa imepita," Cleophace alisema haraka.

"Haijapita, Meneja," Josephat alisema. Jasho lilikuwa linamtoka, lakini mkono wake ulishafika kwenye kipaza sauti. "Nyegezi anaita Sengerema. Nyegezi anaita Sengerema. Unanipata? Ova."

Redio ilichemka, chwaaa. Kisha mchemko ukakatika, pakawa na kimya kile alichokieleza Paskazia, cha sufuria iliyofunikwa. Halafu sauti nene ya mwanamke ikajaa chumba.

"Sengerema nawapata vizuri. Tumsifu Yesu Kristo. Ova."

Mihayo alichukua kipaza sauti. "Sista, ni mimi wa jana. Redio yako inapima kwa kipimo gani? Ova."

"Imeandikwa kilohezi. Ova."

"Na namba iliyo mbele yako sasa hivi? Ova."

Sista Eugenia alitimiza ahadi yake. Aliisoma kwa sauti kubwa, tarakimu moja moja, kama anayesoma majina ya marehemu siku ya Misa yao.

"Sita. Tisa. Tatu. Sifuri. Ova."

Nje, ndege wa majini aligonga bati na kuruka. Mihayo alirudisha kipaza sauti mezani taratibu.

"Hakuna cha kuzidisha," alisema. "Kilosaiko na kilohezi ni namba ile ile. Ndugu Meneja, umeongea na redio ya Sista tangu Krismasi. Kila asubuhi unaona namba yako, na yeye anakujibu. Mimi, na karani, na dereva, tungeweza kukosea, maana tumebadilishiwa kila kitu tukazoea kuzidisha. Wewe usingeweza kukosea. Ulitudanganya."

"Sajini, mambo ya kitaalamu..."

"Fungua hicho kimlango."

"Ufunguo..."

"Ufunguo anao yeye," Josephat alisema, macho sakafuni. "Tundu la tatu siruhusiwi kuligusa. Na ile kristali ya Kiseke nilitumwa, afande. Niliambiwa iache tu kwa fundi. Sikujua ni ya nini. Haki ya Mungu sikujua."

Koplo Shimba alikuwa ameingia na kujaza mlango. Cleophace alitoa ufunguo mfukoni. Tundu la kwanza lilikuwa na kristali ya hospitali. La pili lilikuwa tupu, na mahali pake palikuwa na kibandiko cha zamani, 4,550. Kwenye tundu la tatu, iking'aa kwa kushikwashikwa, ilikaa kristali iliyogongwa 7,280.

"Hata hukuitupa," Mihayo alisema.

Hakuwa na haja ya kujibiwa. Kwa nini aitupe? Kwa hesabu ya ubaoni, 7,280 ya redio ile ya zamani ilikuwa imegeuka kuwa elfu kumi na moja na zaidi. Yeyote angeiona asingeishtukia. Kristali ilifichwa nyuma ya kuzidisha. Na kuzidisha huko huko kuliichukua 4,550, kukaivalisha namba ya mauaji, kukaenda kuiweka kwenye kibanda cha mtu mwingine.

Mihayo alimgeukia mkuu wake. "Mzee, fundi hana shauri. Wakati mlio unasikika mikono yake ilikuwa ndani ya redio ya mke wa balozi, na mlio ulitoka kwenye kasha hili. Naomba hati ya kumwachia, kabla treni haijaondoka."

Mutayoba hakusita. Alifungua jalada juu ya gunia la pamba, akaandika mistari miwili kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi na tarehe. "Kazi nzuri, kijana wangu," alisema. "Nzuri sana. Huyu tutakwenda naye mimi na wewe, tutamhoji taratibu ofisini."

Shimba alichukua ile karatasi akatoka nayo. Kupitia dirishani walimwona akiinama nyuma ya Landrover, na Anatory akinyoosha mikono yake mbele. Pingu zilifunguka. Fundi aliendelea kuishikilia mikono yake pamoja, kana kwamba hajaamini, mpaka Shimba alipomwekea sweta begani.

"Kabla ya ofisini, mzee, swali moja tu la hapa hapa," Mihayo alisema. Alisimama kati ya Cleophace na mlango. "Ndugu Meneja, ulibonyeza hicho kipaza mara tatu jioni ile. Ulibonyeza ukijua mashua inatoka. Lakini saa ya doria haiandikwi popote, na haisemwi. Mhoja mwenyewe aliambiwa akiwa ameshapanda. Dereva aliambiwa akiwa ameshika usukani. Nani alikuambia wewe?"

Cleophace alikaa kwenye kiti cha Josephat. Suti yake iliyopigwa pasi ilionekana ghafla kuwa kubwa kwake. Alitazama kristali iliyokuwa mkononi mwa Mihayo, akatazama dirishani alikokuwa amesimama mtu aliyeachiwa huru.

"Mimi nimeishia darasa la nane, Sajini," alisema. "Kuzidisha kwa nukta sijawahi kuweza. Ile hesabu ya maili sikuitunga. Niliikuta imeshaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisini kwenu, nikaambiwa nikiitwa niseme hivyo."

Mihayo hakugeuka mara moja. Alisikia kwanza mfuniko wa kalamu ukirudishwa, tiki. Alipogeuka, Bwana Mutayoba alikuwa akipangusa nyuzi za pamba kwenye mkono wa koti lake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alichukua kofia yake juu ya gunia, akaivaa, akainyoosha. Akampita Mihayo, akampita Cleophace, akatoka. Na Koplo Shimba, aliyekuwa nje na hajasikia lolote, akamkazia miguu na kumpigia saluti.